Sura ya Saba: Picha ya Tano ya Bwana Hallaert

Mwenze hakuinua kichwa mlango wa seli ulipofunguliwa. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, na jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hata likafumba. Sajini Tharcisse Ngeleka hakuuliza ni nani aliyempiga. Askari wa zamu alikuwa nje bombani, akisugua damu kwenye mkono wa shati lake.

"Simama, tata," Ngeleka alisema. "Kuya ukae ku kiti."

"Juu ya nini? Nilishasema. Mi sikumuua."

"Siulizi kama ulimuua. Nauliza ile mukaba."

Mwenze aliinua uso. Kwa siku tisa za maswali na makofi, hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mshipi.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tisa, mwaka 1957, na mvua ilikuwa bado haijafika Kolwezi. Treni ya Alhamisi ndiyo ingempeleka Mwenze Élisabethville, kwenye mahakama ambako kamba ilikuwa ikimngoja. Wiki saba nyuma, Jumatatu asubuhi, karani wa stoo aitwaye Stanislas Kanku alikutwa akining'inia katika karakana ya useremala huko Kapata, kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Kamishna Delvigne aliandika "amejinyonga" na kufunga jalada siku hiyo hiyo. Lakini Ndaya, mjane wa Kanku, alikuja kituoni kila siku, akasimama barazani na kupiga kelele mpaka wazungu waliopita barabarani wakaanza kuuliza kuna nini. Kamishna alikasirika. Alifuta "amejinyonga", akaandika "ameuawa", na chini yake akaweka jina la fundi wa karakana: Mwenze. Ndiye aliyemkuta marehemu. Ndiye aliyepigana naye mwezi wa nne kwenye mechi ya mpira. Kanku mtu wa Kasai, Mwenze mtu wa kaskazini ya Katanga. Kamishna hakuhitaji zaidi ya hapo.

Ngeleka naye wazazi wake walitoka Kasai. Kamishna alidhani kesi ile ingemfurahisha.

Ngeleka ndiye aliyemkata Kanku kwenye kamba, na aliandika mambo matatu aliyoyaona. Nyuma ya masikio ya marehemu kulikuwa na unga mweupe, kama ule wanaojipaka wanawake wa kizungu. Nyayo zake tupu zilikuwa safi, ingawa sakafu ilijaa vumbi la mbao. Na kidole gumba cha mkono wa kushoto kilifungwa kitambaa cha rangi ya buluu chenye ndege wadogo. Kamishna aliyapigia mstari mwekundu yote matatu na kuandika pembeni: *si muhimu*.

"Mukaba niliitengeneza mi," Mwenze alisema alipokwisha kukaa. "Bwana Hallaert alitaka muntu anyongwe mu filme yake. Basi nilikamata mukaba ya ngozi, ya bale bantu ba courant, ba umeme, banapanda nayo ku nguzo. Unaivaa chini ya shemishi, ile shati. Ku mugongo iko na ndoano ya chuma. Kamba inashika ndoano, haishike shingo. Ile ya shingo iko ya kuonyesha tu."

"Na kama muntu anaumia?"

"Tulipatana. Anafungua mukono ya kuume, hivi." Mwenze alinyoosha kiganja chake kipana, akakifungua, akakifumba. "Akifungua, mi nashusha. Tulijaribu mara tano samedi, ile Jumamosi. Kanku alikuwa anacheka. Shiye wawili tulikuwa tunacheka. Ile maneno ya mpira ilishakwisha zamani."

"Samedi mulijaribu. Filme, banaikamata siku gani?"

"Dimanche. Jumapili."

"Bwana Hallaert anasema samedi."

"Bwana Hallaert iko na bongo, anadanganya!" Mwenze alipiga meza, na askari wa nje akachungulia. Ngeleka alimfukuza kwa mkono. "Dimanche, kisha misa. Alinituma centre, kule mujini, alisema, Mwenze, nenda uniletee rangi nyekundu ya muchoraji. Mi nikatembea kwa miguu mpaka centre. Maduka yote imefungwa, juu iko dimanche! Na sajini, filme yake haina rangi. Iko nyeusi na nyeupe. Rangi nyekundu ilikuwa ya nini?"

Ngeleka aliacha kuandika.

"Uliporudia?"

"Nilimukuta ku mulango, peke yake, anafunga kadena. Alisema kazi imekwisha, Kanku amerudia ku nyumba. Akanipa mukaba yangu. Sajini, ile mukaba haikuwa na jasho. Ilikuwa na vumbi vile niliiacha ku musumari asubuhi. Hakuna muntu aliivaa." Aliuelekeza mkono mlangoni. "Mi nilisimama pale, mbele ya mulango. Nilimuambia bwana merci, aksanti. Na Kanku alikuwa ndani."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Siku ya kwanza. Kamishna alisema mi namutukana muzungu. Kisha banaanza kunipiga."

Ngeleka alifunga daftari lake. Penseli ilikuwa imevunjika mkononi mwake. Aliitazama, akaitia mfukoni.

*

Firmin Hallaert alikuwa na duka la picha mjini. Alikuwa amekwisha kutengeneza filamu tatu za kuwafundisha wafanyakazi kunawa mikono na kuchemsha maji. Ya nne ilikuwa yake mwenyewe, na alitaka kuipeleka kwenye mashindano Ubelgiji. Aliipeleka Brussels kwa ndege ikasafishwe. Ilirudi Ijumaa, na Jumamosi akawaonyesha wazungu wenzake katika klabu yao. Mtu aliyeendesha mashine ya sinema usiku huo alikuwa Mwamba, mwanamume mwembamba wa miaka hamsini, muumini wa misheni ya Kiprotestanti. Jumatatu asubuhi ndiye aliyekuja kituoni, akamwambia Ngeleka maneno matatu tu: "Nimemuona Kanku anakufwa."

Sasa, saa saba mchana, wazungu walipokuwa wamelala baada ya chakula, Mwamba alifunga madirisha ya ukumbi mtupu wa klabu na kuwasha mashine.

"Haina sauti," alieleza. "Bwana mwenyewe alikuwa anasema ku micro."

Ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Mchoraji mmoja masikini, ambaye hakuna anayenunua kazi zake, anachora mbuzi anayechinjwa, na kwa mara ya kwanza watu wanasimama mbele ya picha na kupiga makofi. Basi anamsukuma mwenye nyumba wake kwenye ngazi, anamchora akianguka. Makofi zaidi. Anamzamisha mwalimu wa muziki ndani ya pipa, anamtilia sumu shangazi yake. Kila maiti ilikuwa mzungu aliyejipaka unga, na kila mmoja baada ya kufa alionekana akijizuia kucheka. Picha ya nne, mabibi wanazimia kwa furaha na meya anamvalisha mchoraji nishani.

Halafu akaingia Kanku.

Alikuwa mtumishi wa mchoraji. Aliingia na sinia ya kahawa, amevaa kanzu nyeupe, akajikwaa kidogo, akaokoa kikombe kisianguke, akatazama kamera na kutabasamu kwa haya. Ngeleka alimsikia Mwamba akikohoa nyuma yake.

Kisha Kanku alikuwa juu ya sanduku, miguu mitupu, kitanzi shingoni, uso umepakwa unga. Chini yake sakafu ilikuwa imetandikwa turubai jeupe. Ngeleka aliliona turubai, akaelewa kwa nini nyayo zilikuwa safi. Sanduku likaondoka, limevutwa kwa uzi.

Mkono wa kuume ukafunguka. Ukafumba. Ukafunguka. Ukafumba. Ukafunguka, vidole vyote vitano vimetanuka, ukabaki hivyo.

Picha ikaruka kidogo, kama mtu aliyepepesa jicho. Ilipotulia, mkono ulikuwa umeanguka.

"Hapa walifanya nini?" Ngeleka aliuliza. "Wazungu."

"Balicheka. Bwana alikuwa anasema ku micro, eti, angalieni, hata anaaga bantu. Balicheka sana." Mwamba alizima taa ya mashine. "Mi sikusimamisha machine, sajini. Ilifaa nisimamishe. Mikono yangu ilikataa."

"Ile picha iliruka. Filme imekatwa?"

"Hapana." Mwamba alichomoa filamu, akafungua dirisha moja, akaikunjua kwenye mwanga, akampa Ngeleka kioo cha kukuzia. "Angalia. Kama banakata, utaona gundi. Hakuna gundi. Machine ya bwana ya kukamata picha inatembea na ressort, springi, sawa saa ya ukutani. Nusu dakika, inachoka, inasimama. Lazima ukamate funguo, uzungushe tena. Zungusha, zungusha, zungusha. Kisha unaendelea."

Ngeleka alirudisha kioo juu ya picha iliyoruka.

"Kuzungusha inakamata muda gani?"

Mwamba alihesabu kwa vidole hewani, akizungusha ufunguo usiokuwepo. "Hata dakika haifike. Lakini mukono yake ilikuwa juu, sajini. Unaona? Mbele ya kuzungusha, mukono iko juu. Bwana aliona. Akazungusha."

Ngeleka alisogeza kioo kwenye mkono mwingine, wa kushoto, uliokuwa umebanwa pajani. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa. Kitambaa kilikuwa cheusi kwa cheupe, lakini ndege walionekana, wadogo, mbawa wazi. Alitoa bahasha mfukoni, akakitoa kitambaa alichokifungua mwenyewe kwenye kidole cha marehemu, akakiweka kando ya filamu. Ndege ni wale wale. Na Ndaya alikuwa amesema, siku ya kwanza kabisa, maneno ambayo Kamishna alikataa yaandikwe: Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Kanku alijikata na kopo la sardini, naye akachana pembe ya kitenge chake na kumfunga.

"Hakuna muntu anajikata dimanche, kisha anaonekana amefungwa kidole samedi yake ya nyuma," Mwamba alisema polepole.

"Hapana," Ngeleka alisema. "Hata mu filme ya Hallaert."

*

Jumatano asubuhi Hallaert aliitwa kituoni, eti athibitishe mshipi kabla jalada halijaondoka. Alikuja amevaa suti nyeupe, akaketi kabla ya kukaribishwa. Yeye na Kamishna Delvigne walisalimiana kwa majina ya nyumbani. Ngeleka alikaa kwenye meza ndogo penye taipu, kama kila mara, na kuingiza karatasi tatu zenye kaboni katikati.

"Ndiyo mshipi wenyewe," Hallaert alisema kwa Kifaransa. "Seremala aliufunga vibaya, bila shaka. Au alimngoja nyumbani. Mimi sijui mambo yao. Nilipiga filamu Jumamosi, Kanku akaondoka kwa miguu yake."

Ngeleka alipiga taipu: *Jumamosi*. Kisha, bila kuinua macho, alisema, "Bwana Hallaert, nimeiona filamu yako."

"Nani kakuruhusu?" Delvigne aliuliza.

"Nilitaka kuona mshipi unavyovaliwa, Bwana Kamishna."

Hallaert alitabasamu. "Umeionaje?"

"Penye mbuzi nilicheka. Ila picha ya tano ni mbovu."

"Mbovu?"

"Kanku hakujua kuigiza. Ametia chumvi. Ule mkono, kufungua na kufumba, kama mtoto anayeaga treni. Nimekata kamba za watu wanne katika kazi hii, bwana. Mtu anayekufa hafanyi hivyo. Ubelgiji watakucheka. Watasema Hallaert alimchukua karani wa stoo akashindwa kumfundisha kufa. Ningekuwa wewe, ningekata kipande kile chote."

"Ngeleka," Delvigne alionya.

Lakini Hallaert alikuwa amekwisha kusimama. Shingo yake ilikuwa nyekundu juu ya kola nyeupe.

"Nikate? Kipande kile? Kile ndicho kitu pekee cha kweli katika filamu nzima! Wale wengine wote ni wanasesere, wanajizuia kucheka wakiwa maiti! Hakuna mwigizaji duniani anayeweza kuufungua mkono vile. Hakuigiza, mjinga wewe! Hakuigiza!"

Ndani ya chumba ikasikika taipu peke yake. Ngeleka alipiga maneno yale herufi kwa herufi, akarudisha gari la mashine, kengele yake ikalia.

"Firmin," Delvigne alisema. "Kaa chini."

Ngeleka alisimama. Aliweka kitambaa mezani, na kando yake kioo na filamu.

"Kidole kilikatwa Jumapili asubuhi. Kitambaa hiki ni cha Jumapili. Kimo ndani ya filamu. Jumamosi walijaribu tu, na mshipi, na Mwenze akishika kamba. Jumapili Mwenze alitumwa kutafuta rangi nyekundu kwenye maduka yaliyofungwa, kwa filamu isiyo na rangi. Mshipi ulibaki kwenye msumari. Walibaki wawili: Kanku na kamera. Aliomba kushushwa mara tatu. Springi ya kamera ikaisha. Bwana huyu aliuona mkono ukiomba, akachukua ufunguo, akazungusha."

Alitaka kusema mengine, ila sauti yake ilikuwa imepanda hata wanawake waliongoja vibali barazani walinyamaza. Alishika ukingo wa meza.

Delvigne alimtazama Hallaert. Kamishna alikuwa mtu mnene, aliyekwisha kukaa Katanga miaka kumi na saba, na hakuwa na desturi ya kutazama mzungu mwenzake namna ile.

"Uliizungusha?"

"Mshipi ulionekana chini ya shati, Albert. Ulitoa nundu mgongoni, uliharibu kila kitu. Nilimwambia utakuwa mshituko wa sekunde mbili tu, nitakushusha. Ndivyo nilivyotaka, naapa. Halafu nikatazama ndani ya kamera."

"Nimekuuliza kama uliizungusha."

"Mwanga ulikuwa unaondoka," Hallaert alisema.

Taipu ilipiga tena. *Mwanga ulikuwa unaondoka.* Kengele.

Ngeleka aliitoa karatasi, akaiweka mbele ya Kamishna pamoja na kalamu. Alijua Delvigne angeweza kuichana. Angeweza kuchoma nakala zote tatu kwenye sahani ya majivu, na kesho treni ingemchukua seremala kama ilivyopangwa. Delvigne naye alijua hivyo. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Jumamosi nilikaa safu ya kwanza," Kamishna alisema, si kwa mtu yeyote. "Mke wangu pembeni. Nilicheka mpaka nikafuta machozi." Aligeuka ghafla, akapiga ngumi mezani hata wino ukaruka. "Umenifanya nicheke, Firmin! Mtu anakufa mbele yangu, mimi nacheka!"

"Kila mtu alicheka," Hallaert alisema. "Ndiyo sanaa yenyewe."

Delvigne aliweka sahihi. Aliibonyeza kalamu kwa nguvu mpaka nakala ya tatu ikatoboka. Kisha alichukua karatasi nyingine na kuandika mistari miwili, akamsukumia Ngeleka. Ilikuwa amri ya uhamisho: kituo cha Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi, tangu mwanzo wa mwezi.

"Ulimdanganya mzungu mbele yangu ukamfanya aseme," Kamishna alisema. "Ulifanya vizuri. Sitaki kukuona tena hapa. Mfungulie seremala."

"Na jicho lake?"

"Toka nje, Ngeleka."

Alitoka. Alimfungulia Mwenze mwenyewe, akamshika mkono mpaka barazani. Kisha alimwendea askari wa zamu, akamvua kofia, akaitupa mavumbini, akamwambia aiokote. Alipoiokota, akaitupa tena.

*

Ndaya alikuja saa tisa mchana, kichwa kimenyolewa, kitenge cha buluu kimechanika pembe moja. Hakupiga kelele siku hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho alipoambiwa, kisha akauliza jambo ambalo Ngeleka hakulitegemea.

"Ile filme iko na wewe?"

"Iko, mama. Kesho inaenda na train."

"Mu ile filme, kuna fasi anatembea?"

"Iko fasi. Anaingia na plateau, sinia ya kahawa."

"Mi sina photo yake. Ile moja ya livret, kile kitabu chake cha kazi, bantu ba police balibeba, habajairudisha." Alimtazama usoni. "Weye ni police. Basi nionyeshe."

Mwamba alileta mashine kwenye stoo ya kituo. Walitundika shuka ukutani, wakafunika dirisha kwa gunia. Ndaya alikataa kiti. Kanku aliingia na sinia, akajikwaa, akaokoa kikombe, akatabasamu. Hapo Mwamba alizima taa, na mkono wake haukukosea hata nukta.

"Tena," Ndaya alisema.

Alionyeshwa tena. Alipotabasamu mumewe, naye midomo yake ilifunguka, halafu akauma mdomo wa chini mpaka ukawa mweupe.

"Tena."

Mara ya tatu ilipokwisha, alisimama gizani akipumua kama mtu aliyekimbia.

"Kisha ya hapa, njo ile?"

"Ndiyo, njo ile, mama," Ngeleka alisema. "Usiangalie."

"Mi siangalie." Alikwenda mwenyewe kwenye dirisha, akang'oa gunia kwa mkono mmoja, misumari ikaruka sakafuni, na jua la mchana likaingia chumbani lote kwa pamoja. "Beye njo baangalie. Bale bajuge bote ba tribunal, ba mahakama, na bibi zao bakitaka. Ubaambie, sajini. Baangalie mpaka ku mwisho. Na muntu asicheke."